Mawe Thelathini na Moja ya Kanyangi

Kibwezi, Jumatatu 3 Machi 2025

Kwa Mzee Nzomo Mbaluka, Kanyangi.

Salamu nyingi, Mzee wangu. Hatujawahi kuonana ila kusikizana kwenye simu, na simu nayo tunaiweka kando kuanzia leo. Mimi ni Shufaa Salim, yule mwenye duka la rangi na misumari hapa Kibwezi. Musembi amechoka na uongozi, amebaki na kipande chake tu pale mto Athi, kwa hivyo upande wa Makueni wa njia yetu sasa uko mikononi mwangu. Wewe endelea na Kitui kama ulivyoianza.

Habari yenyewe ni hii, na imeninyima utulivu tangu juzi. Chama cha watembezi cha Nairobi kimekubali kuja. Watu arobaini watatoka Kabati tarehe tisa Agosti, kwa miguu, hadi Kibwezi, kilomita mia moja thelathini na mbili. Arobaini, Mzee. Tangu tuanze kufyeka miaka mitatu iliyopita, walioimaliza njia hii nzima ni wewe na yule mbuzi wa Kilonzo aliyepotea.

Lakini wana sharti. Wanataka kujua kwamba inapitika na inatunzwa, nami nimewaahidi ushahidi: barua zetu zitatembea. Hii uliyoshika imekuja mkono kwa mkono. Kila mtunza kipande ametembea kipande chake akifuata mawe ya alama, akamkabidhi mwenzake ule mkebe wa mafuta ya kupikia, akatia sahihi kwenye daftari lililomo, siku na saa. Kwenye simu mtu anakuambia njia ni safi na yeye amejilaza kitandani. Barua haiwezi kudanganya hivyo. Kutoka kwangu hadi kwako siku nne zinatosha. Barua tatu mfululizo zikifika kwa siku nne kabla ya Julai kuisha, watakuja. Zisipofika wataenda kwingine, na vichaka vitaichukua njia yetu.

Ndiyo kwanza tumeanza kufunga, na furaha imenisahaulisha njaa. Nijibu upesi.

Shufaa Salim


Kanyangi, 11 Machi 2025

Kwa Bi Shufaa Salim.

KUHUSU: BARUA YAKO YA TAREHE 3 MACHI

Nimeipokea jana saa tisa na dakika ishirini. Hizo ni siku saba, si nne. Nimekagua daftari. Upande wako hauna lawama. Kosa liko upande wangu na nalisema kabla hujalisema wewe. Kipande cha Kasyoki, kutoka mtoni kupanda huku, ni kilomita kumi na nne. Mimi hukitembea kwa saa nne, na nina miaka sitini na tisa. Kasyoki amekimaliza kwa siku mbili na nusu. Nilipomuuliza alisema, "Mzee, njia iko sawa, ni vile tu iko na watu." Sikumwelewa na sikupenda alivyotabasamu.

Nikujulishe mimi ni nani. Nilikuwa msimamizi wa kazi za barabara kwa miaka thelathini na mbili. Nimetengeneza barabara kumi na moja pande hizi na hakuna hata moja iliyobaki kama nilivyoiacha. Nyingine zilichukuliwa na maji, nyingine zilisahauliwa tu. Hii ya miguu ni ya kumi na mbili. Nimeichora mwenyewe, nikaipima kwa kamba, imenyooka. Namwomba Mungu anibakizie hii moja. Kwa hivyo usiwe na shaka kwamba nitaifuatilia.

Hapa nyumbani wote wazima.

Wako katika kazi,
N. Mbaluka


Kibwezi, 24 Machi 2025

Mzee Nzomo,

Kaa chini kwanza. Jumamosi nilivuka mto. Najua Kitui si upande wangu, lakini barua yako nayo ilichukua siku nane, na mimi subira sikuzaliwa nayo. Nililala kwa Musembi, alfajiri nikashika kipande cha Kasyoki peke yangu, macho kwenye mawe yetu meupe yenye mstari wa njano.

Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likanipandisha kilimani na kuniingiza ndani ya boma la watu. Ndani kabisa, kati ya jiko na ghala. Pale pamewekwa kiti, kitambaa juu yake, na mama mmoja amesimama na kikombe mkononi kana kwamba tuliahidiana. Jina lake Kanyiva. Nikamwambia nimepotea.

"Hujapotea, mama. Njia ni hapa."

"Lakini ilikuwa kule chini, kwenye korongo."

"Ilikuwa. Sasa mtu atoke huko kote Kabati na miguu, apite hapo chini kama mwizi, na mimi niko hapa na maji na chakula? Aiya. Watu watasema nini juu yangu? Tulibeba tu hiyo mawe tukaleta."

"Mlibeba, wewe na nani?"

"Kila mtu na yake."

Na kweli kila mtu na lake. Kutoka hapo nimepita maboma kumi na moja, na mawe yananipeleka mlango hadi mlango kama mtu anayealika harusi. Na mimi nimefunga. Nikieleza kwamba sili mchana wanaitikia kwa heshima zote, kisha wananifungia cha jioni. Nimebebeshwa muthokoi, ndengu, viazi vitamu, mapapai mawili, na kwa Kanyiva nikapewa kuku mzima, mtetea wa madoadoa, miguu imefungwa kamba ya katani. Kilomita kumi na nne zimekuwa ishirini na tatu. Nilifika kwa Kilonzo, mwenye kipande kinachofuata, jua likizama, nikafuturu na nyumba yake yote na bado chakula kikabaki. Sasa najua kwa nini Kasyoki anachelewa. Anashiba.

Nilitaka kuja kukusalimu, maana kwako si mbali na hapo, lakini Kilonzo akasema Mzee hapokei wageni siku hizi. Basi nikayaheshimu ya wakubwa.

Najua kazi tunayo, na siku zinakwenda. Lakini nisikufiche, nimecheka njia nzima, na sijawahi kuipenda njia yetu kama nilivyoipenda siku hiyo. Tuzungumze nao taratibu. Kuku ameanza kutaga.

Shufaa


Kanyangi, 4 Aprili 2025

Kwa Bi Shufaa Salim.

KUHUSU: KUSOGEZWA KWA ALAMA

Mimi sikucheka.

Huku kwetu mtu hasogezi jiwe la mpaka. Wazee wa zamani walimwapiza aliyelisogeza, na mpaka leo hakuna anayeng'oa katani ya mpaka wa jirani hata ikiwa imekauka. Sasa watu hao hao wamebeba mawe ya njia kama kuni. Nikiwauliza wanasema njia si mpaka, njia ni mgeni, na mgeni hukaribishwa ndani. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa na watu wazima, mmoja wao mzee wa kanisa.

Niliita mwethya, kazi yetu ya pamoja, na kwa siku mbili tumerudisha kila jiwe mahali pake. Mawe thelathini na moja. Kanyiva alikalia la kwake na ikabidi tumngoje asimame. Alikaa saa moja na robo.

Njia haiwezi kupitishwa kila mlango kama sahani ya sadaka. Mimi mwenyewe niliichora kilomita mbili na robo kutoka kwangu, ingawa ilikuwepo sababu ya kuileta karibu, ili asitokee mtu wa kusema Mzee alijipendelea. Nimejinyima, na wao wanaweza kujinyima. Barua hii itafika kwa siku nne.

Kilonzo hakupaswa kusema lolote juu ya nyumba yangu.

N. Mbaluka


Kibwezi, 19 Aprili 2025

Mzee Nzomo,

Imefika kwa siku kumi na tano, na nakuomba usimlaumu mtu hadi umalize kusoma.

Mvua ile kubwa ilimkuta Kasyoki kwenye korongo, kwenye mstari wako ulionyooka, na mkebe begani. Ukingo ulimeguka chini yake. Yeye aliteguka mguu, mkebe ukaenda na maji mpaka ukanaswa na miiba. Kanyiva alisikia kelele kutoka kwake juu. Akateremka na majirani, wakampandisha Kasyoki, akakaa kwake siku tano akikandwa. Mvua ilipopungua, Kanyiva mwenyewe akauchukua mkebe na kuutembeza hadi kwa Musembi. Yule yule aliyekalia jiwe. Angalia daftari, ametia sahihi kwenye kipande ambacho hakuna aliyempa. Na barua ndani ilikuwa kavu.

Unajua alipita wapi? Kwenye maboma. Musembi anasema viatu vyake havikuwa na tope. Mzee, wale mama hawakuvuta njia kwa ajili ya sufuria peke yake. Maboma yako juu, na kati ya boma na boma kuna yale matuta ya fanya juu ambayo baba zao walichimba, yanayozuia maji. Walikopeleka mawe ndiko wanakopita wao mvua ikinyesha. Wewe ulipima vizuri, sibishi, lakini ulipima wakati wa kiangazi. Nenda ukaone kwa macho yako.

Nina wazo. Nyumba moja kila kipande, ichaguliwe na watu wenyewe katika mkutano, na wengine wakubali kupeleka vikombe vyao hapo. Kwa Kasyoki njia ipande juu, iguse kwa Kanyiva, iende zake. Tukifanya hivyo Mei, bado tunawahi. Tusipofanya, naandika Nairobi kwamba wasije, na mimi kalamu hiyo siwezi kuishika.

Jambo jingine dogo. Huyo karani wako anayeandika "Imefika" mwisho wa daftari ni nani? Mwandiko wake ni kama huyu kuku wangu amekanyaga wino. Mwambie akaze mkono, watembezi wataliona daftari hilo.

Shufaa


Kanyangi, 23 Mei 2025

Mama Ilham,

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki tatu. Nilimwuliza Musembi jina la binti yako ili nikuite inavyofaa.

Nilikwenda kwenye korongo. Sehemu yangu iliyonyooka haipo. Mita mia sita zimekwenda, na mawe manne pamoja nazo. Nilisimama pale nikasema basi, ni ya kumi na mbili. Kisha nikapanda kwa Kanyiva kwa kupitia matuta, na kiatu changu hakikushika tope. Alinipa uji. Nimekubali shauri lako lote. Mkutano tumeufanya, na mwethya unaanza Jumatatu.

Sasa kuhusu karani. Ni mke wangu, Nduku. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi na upande wa kulia haukurudi. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mwandishi wa vikao vya kanisa, na tangu augue alikuwa amekataa kushika kalamu. Daftari hili ndilo la kwanza alilokubali. Kila siku huniuliza barua imefika kwa nani, na anahesabu vipande kwa vidole. Hatujapokea wageni kwa sababu yeye hakutaka kuonekana.

Barua zako mimi humsomea kwa sauti. Ile ya kuku aliyekanyaga wino niliisoma bila kuitangulia kwa macho, na nilipoona inakoelekea nilikuwa nimeshafika katikati. Aliinamisha kichwa. Nikajua nimemuumiza. Mama Ilham, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka nikamfuta machozi. Sijaisikia sauti ile tangu augue. Anasema nikuambie kuku bado anajifunza.

Angependa kuiona njia. Kiti chake cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga, na mimi sitaileta kwake. Niliyerudisha mawe thelathini na moja ya watu siwezi kusogeza la thelathini na mbili kwa ajili ya nyumba yangu. Usinionee huruma, na usiitangaze habari hii.

Nzomo


Kibwezi, 2 Juni 2025

Mzee wangu, na Mama Nduku unayesomewa,

Nianze na wewe, Mama. Niliposoma nilifunga duka mchana, mteja akibisha hodi, kwa aibu. Ulimi hauna mfupa na kalamu ndiyo mbaya zaidi. Unisamehe. Yule mtetea ameangua vifaranga tisa. Kimoja ni chako, kikikomaa kitakuja kwa miguu kwa njia yetu, na kila mtunza kipande atatia sahihi kwamba amekipokea kizima.

Sasa, Mzee, shika kofia. Barua yako imefika kwa siku tano. Tano, na Kasyoki akichechemea. Huku kwetu tumechagua nyumba zetu tano bila ugomvi, isipokuwa kipande kimoja ambapo mama wawili wamekubaliana mmoja atoe kiti na mwingine atoe chai. Nimepaka mawe mapya arobaini kwa ajili ya njia ya juu, yako tayari kwa Musembi. Yale ya zamani ya huko chini wayaache hapo yalipo. Mikono yangu ni ya njano hadi kwenye viwiko na Ilham anakataa kula nilichopika.

Habari ya nyumbani kwako sitaitangaza, nimekuahidi. Lakini elewa kwamba daftari hufunguliwa na kila anayebeba mkebe, na wote wameona mwandiko wa mwisho. Kanyiva ameniuliza kupitia kwa Musembi ni wa nani. Nimesema aulize Kanyangi.

Shufaa


Kanyangi, 26 Julai 2025

Mama Ilham,

Siku nne. Siku nne. Na hii ya jana, siku tatu na saa saba.

Nimekagua daftari mara tatu nikitafuta kosa na sikulipata. Zimetimia. Waandikie Nairobi leo. Nilitoka nje nikazunguka nyumba nisijue nakwenda wapi, mpaka Nduku akaniuliza kama nimepoteza ng'ombe. Nimemaliza barabara kumi na moja na hakuna niliyoizungukia nyumba.

Limebaki moja la kukuarifu. Watu wa kipande cha Kilonzo walipiga kura na nyumba waliyochagua ni yangu. Nilisimama nikakataa, nikaandika nyumba ya Kilonzo badala yake. Niliwaambia walionilaumu kwa mawe yao wasije kunilaumu kwa langu. Hakuna aliyebisha. Nduku nilimweleza jioni. Aliandika "Imefika" kwenye daftari, akailaza kalamu, akaomba ageuzwe aangalie ukuta.

Nitakwenda Kabati kuwapokea watembezi na kuwaongoza hadi mtoni.

Nzomo


Kanyangi, Jumatatu 11 Agosti 2025

Kwa Shufaa,

Ni mimi, kuku. Naandika kidogo kidogo tangu mchana. Watembezi wamelala kwa Kilonzo na kesho wataondoka na mkebe huu wakuletee wenyewe, kwa hivyo nina muda. Mzee hajui ninaandika nini, amekatazwa kuchungulia.

Jana watu wa kipande cha Kasyoki walipotoka kanisani walikuja hapa na punda sita. Mzee alikuwa njiani na wageni. Kanyiva alitangulia, akaingia bila hodi, akanitazama nilivyo, akasema, "Kumbe ni wewe mwenye kuandika. Sisi tulikuwa tunangoja hiyo neno yako kila wiki." Kisha akatoka nje kufungua mizigo. Ni yale mawe. Yale aliyowanyang'anya Mzee, ambayo sasa hayana kazi huko chini. Ishirini na saba ni ya zamani, manne yamepakwa upya badala ya yale yaliyochukuliwa na maji, na njano yao haifanani na yako, imekolea zaidi. Kila mtu alibeba lake mwenyewe na kuliweka chini mwenyewe. Wameyapanga kutoka kwenye njia, yakapanda hadi hapa kwetu, yakashuka upande wa pili. Wamefyeka na kuumwagilia mchanga ukashikana. Nilisema Mzee atayarudisha. Kanyiva akasema, "Aje. Nitakalia yote."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaomba nivalishwe gauni la kijani na nitolewe nje. Mara ya mwisho kutolewa mbele ya watu sikumbuki.

Kilonzo alikuwa naye, ndiye aliyenisimulia. Mzee alikuwa mbele, watu arobaini nyuma yake, na walipofika palipo na jiwe la kwanza akasimama. Mbele yake njia yake imenyooka. Upande wa kushoto mawe yanapanda kwetu. Kilonzo anasema alisimama mpaka watu wakaanza kushusha mizigo mgongoni. Alikuwa anayahesabu yale yanayoonekana. Hakumwuliza mtu yeyote ni nani aliyefanya.

Mimi niliiona kofia yake kwanza, inakuja, kisha rangi za nguo za watu, nyingi, zinakuja kwetu.

Aliingia hakunisalimu. Alitoa tepu yake mfukoni, akapima kutoka jiwe la uani hadi kwenye kiti changu. Akamwambia Kanyiva, "Hili limekaa vibaya." Shufaa, nikadhani analirudisha. Kanyiva akalisogelea, tayari kukalia. Mzee akamwomba apishe. Akainama, akalibeba mwenyewe, na mgongo wake ule, akalileta hatua mbili hadi pembeni yangu, upande wa kushoto, mahali ninapoweza kuligusa. Akalikanyagia udongo vizuri kama anavyofanya. Kisha akawageukia watu arobaini akasema, "Njia ni hapa."

Wamekunywa maji na uji. Kila mmoja alinitajia jina lake, nami nikaliandika kwenye daftari na mbele yake nikaandika "Amefika." Arobaini, kwa mkono huu. Hakuna aliyeharakishwa. Mzee alisimama nyuma ya kiti akisahihisha majina na nikamwambia anyamaze.

Utaona mwandiko umeharibika kuanzia wa ishirini hivi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nacheka.

Kifaranga changu nakingoja. Kilete mwenyewe, kwa miguu. Sasa huwezi kupotea.

Nduku